Kilio Kinapita Ndoa

Wale mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha chali chini ya Peugeot 404 ya marehemu baba yangu, mafuta ya breki yakinidondokea jichoni, na mke wangu Tshibola akiniuliza kwa upole wake wa kila siku kama nimeamua kuzikwa humo humo. Asanteni kwa salamu. Jicho limepona. Mengine yote yameharibika.

Kwa mgeni aliyefungua gazeti kutafuta matokeo ya mpira akaangukia kwangu, habari ni fupi. Naitwa Dieudonné Mbuyi, Tata Dodo kwa watu wa Manika, hapa Kolwezi. Nauza mabuti na taa za kichwani kwa wachimbaji wa Musonoi. Binti yangu Glodie anaolewa na Mechack, mtoto wa Muamba. Siku ya mahari, mbele ya ukoo mzima, niliinuka bila kuombwa na mtu nikaapa kwamba bibi arusi atafika kanisani ndani ya 404 ya babu yake, nami nikiwa kwenye usukani.

Wakati naapa, gari lilikuwa limekaa juu ya matofali na kuku alikuwa akilalia mayai kwenye kiti cha nyuma.

Muamba alicheka hadi akashika mbavu. Akasema jeep yake mpya, nyeusi, yenye vioo vya giza na ubaridi ndani, iko tayari kumbeba mtoto. Nikamjibu kwamba jeep ni ya kubebea mabosi wa mgodi wa Mashamba kwenda kuangalia mashimo, si bibi arusi kwenda kwa Mungu. Tangu hapo yeye anaisifia, mimi naikataa, na ninyi wasomaji mnacheka bure. Ijumaa, siku moja kabla ya ndoa, alinipigia simu kutwa nzima. Jeep, jeep, jeep. Nikazima simu nikarudi chini ya gari.

Sasa tuje Jumamosi yenyewe.

Asubuhi niligeuza ufunguo, gari likawaka. Mara ya kwanza! Nikalizima, nikaliwasha tena, maana sikuamini. Likaitika tena. Nilikaa mle ndani nikalia, nasema wazi, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimkumbuka baba aliyetoka Kasai na sanduku la mbao kuja kufanya kazi ya mgodi, akalinunua gari hili alipokaribia kustaafu, na akawa analiendesha kwa soksi ili asichafue mazulia. Baba hakujaliwa kuniona nikiozesha binti. Nilitaka angalau gari lake liwepo.

Glodie alikuja dirishani, nusu ya uso imepakwa poda, nusu bado.

"Papa, inawaka kweli?"

"Inawaka! Hausikie? Iko inaimba!"

"Bon. Toka mule basi, unachafua shemizi."

Hakufurahi nilivyotarajia. Nikasema moyoni ni woga wa bibi arusi. Baba wa bibi arusi ni mtu mwepesi sana wa kujieleza mambo.

Hapa lazima niwaambie siri ya injini ile, la sivyo hamtaelewa balaa lililoingia langoni kwangu. Mjini Kolwezi tuna chama cha wapenzi wa magari ya zamani. Sisi tunakiita Amicale. Wake zetu wanakiita majina mengine. Kila Jumapili baada ya ibada tunakutana kwenye uwanja wa Mama Josée, mwenye Coccinelle ya kijani, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, na cheo cha présidente. Tunafungua maboneti, tunaangalia injini, tunafunga maboneti. Kazi nzito. Kuna mwaka tulimaliza msimu mzima wa mvua tukibishana kama rangi ya gari langu ni crème au ni ivoire, na hadi leo kuna watu hawasalimiani.

Katika Amicale kuna 404 mbili: yangu, na ile bâchée ya Stany, yenye turubai nyuma, anayobebea kabichi. Magari mawili, kabureta nzima moja. Hizi mpya za kuigiza zinazouzwa sokoni zinanywa essence hadi unajuta kuzaliwa. Basi ile moja nzima ni mali ya Amicale, na hutembea. Ikiwa kwangu, bâchée inalala. Ikiwa kwa Stany, mimi napanda pikipiki na kula vumbi la malori.

Mtauliza nani anaamua. Sheria ndiyo inaamua, na sheria yetu haina mchezo: kilio kinapita ndoa, ndoa inapita ubatizo, ubatizo unapita matembezi. Mwenye tukio kubwa anapewa kabureta na hakuna ruhusa ya kumkatalia. Mimi mwenyewe niliipigia kura sheria hiyo kwa mikono miwili. Siku zile sikuwa na binti wa kuozesha. Nilikuwa na baba mgonjwa.

Matantine, mashangazi wa Glodie, walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kufunga maua kwenye boneti Stany alipoingia, sanduku la funguo za kufungulia injini mkononi. Mtu anayekuja harusini huja na zawadi. Nikajua kuna jambo.

"Tata Dodo, bonjour."

"Stany, ndoa ni saa ine. Juu ya nini uko na salopette?"

Akaangalia ile ovaroli yake ya kazi hadi miguuni.

"Niko na kilio, Tata Dodo. Minakuja kuchukua carburateur."

Nilicheka. Nilicheka vizuri sana, peke yangu.

"Leo?"

"Leo."

"Leo ii, mutoto wangu njo anaolewa?"

"Lufu haiko na programme, Tata. Mutu akikufwa, anakufwa tu."

Mama Josée alikuwa pale pale uani, anafunga utepe kwenye Coccinelle yake ambayo ingefuata nyuma yetu. Alivaa kitambaa cha sherehe, kilemba kama mnara. Aliposikia neno kilio aliacha utepe, akaja, akamshika Stany mkono, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Pole, Stany. Pole sana." Kisha akanigeukia mimi. "Tata Dodo, sheria ni sheria. Kilio kinapita ndoa."

"Mama Josée! Mutuka inaisha kufungwa maua!"

"Maua tutayafungula."

"Batu benye kutoka Mbuji-Mayi banaingoja!"

"Batapanda mu jeep ya mukwe wako. Unazani mi ninafurahi? Nilipaka hata vernis juu ya ii mutuka yako."

Hivyo ndivyo serikali yangu ilivyoanguka, kwenye uwanja wangu mwenyewe, mbele ya maua ya plastiki. Stany akafungua sanduku lake na kutoa ufunguo wa kumi na tatu.

"Lakini Stany," Mama Josée akasema, "kilio kiko na jina. Utaje marehemu."

Hiyo nayo ni sheria yetu. Anayedai kitu kwa ajili ya msiba anamtaja maiti kwa jina, mbele ya wanachama, ndipo anakabidhiwa. Iliongezwa baada ya mwenzetu mmoja kumzika nyanya yake mara tatu katika kiangazi kimoja ili aendelee kukaa na betri.

Stany akarudisha ufunguo ndani ya sanduku.

"Ni tantine yangu."

"Tantine gani?"

"Tantine Ngalula. Wa Musonoi."

Mama Josée akamwachia mkono.

"Stany. Tantine Ngalula nimemuacha sasa hivi ku soko. Anagombana na muuzaji wa makayabo. Eko na nguvu kunipita mi na weye."

"Pengine," Stany akasema taratibu, "ni kisha ya soko."

Jamani. Nimesikia uongo mwingi katika maisha yangu, nauza mabuti. Lakini kumuua shangazi wa mtu kwa sababu ya kabureta, tena akiwa bado ananunua samaki! Nilimwambia Stany maneno ambayo mhariri ameyakata. Nikamwonyesha lango. Roho yangu ikatulia, nikaanza kupanga jinsi nitakavyolisimulia jambo hilo Jumapili hadi wazeeke wakilisikia.

Stany hakutoka. Alikaa juu ya sanduku lake la funguo akaanza kulia. Na hakuwa analia kwa kuigiza. Namjua Stany akiigiza. Alifanya hivyo alipogonga Coccinelle ya Mama Josée. Huku kulikuwa kulia kwa kweli.

Simu yangu ikalia. Muamba.

"Mukwe!" Sauti yake ilikuwa ya furaha, juu kabisa. "Minasikia mutuka inasumbua?"

"Nani anakuambia inasumbua?"

"Ah, minawaza tu. Bile bintu bya zamani! Dereva anaisha kuvaa gants blancs, iko tayari. Nitume jeep?"

"Usitume kitu. 404 inawaka."

Kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake: "Inawaka?"

"Kabisa."

Akakata simu.

Stany alikuwa amesimama. "Ni Tata Muamba njo alipiga? Alisema nini?"

Mama Josée ni mwanamke anayesikia vali moja ikigonga kutoka mtaa wa pili. Akamtazama Stany, akaitazama simu yangu.

"Muamba anaingia wapi mu ii mambo?"

Tukamvuta nyuma ya Coccinelle, mbali na matantine. Stany alifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akazidi kujichafua.

"Ni Tata Josias," akasema. "Alikufwa Alhamisi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakutuambia anayeficha kilio chenyewe hufichuliwa na nini. Mimi nawaambia: hufichuliwa na kabureta.

Tata Josias ni kaka mkubwa wa Muamba, mkubwa wa ukoo wote ule. Siku ile ya mahari, ndugu zake walipokuwa wakicheka, yeye peke yake hakucheka. Aliinuka na fimbo yake, akalizunguka gari, akamwondoa yule kuku kwa mikono miwili, kwa heshima, akaketi. Akasema aliendesha gari kama hilo mgodini enzi ana meno yote, na akaniomba siku ya ndoa nipite polepole mbele yake. Aliugua, akalazwa. Kila tulipouliza tuliambiwa anaendelea vizuri.

Stany akatueleza. Mkubwa wa ukoo akifa, hakuna ndoa nyumbani hadi kilio kimalizike na wazee wakae tena, yaani tungefika kiangazi. Nyama imeshachinjwa, wageni wameshashuka. Muamba akaamua kunyamaza hadi Jumatatu. Ingewezekana, ila dhoruba ya juzi iliangusha mti juu ya nyaya zinazoleta umeme kutoka bwawa la Nzilo, na morgue ya hospitali, chumba cha maiti, haina courant. Maiti lazima ahamishwe leo hadi Likasi kwenye baridi. Gari la maiti la kukodi lingejulikana mji mzima kabla halijawashwa. Lakini bâchée ya Stany, ambayo Muamba alimwomba kwa siri, ikipita na turubai lake, nani anaangalia? Kabichi hizo.

"Tata Muamba alisema weye utapanda mu jeep, na carburateur itabakia bure," Stany akamaliza. "Alizani mutuka yako haiwezi kuwaka hata kidogo."

Kumbe ndiyo ule ukarimu wa Ijumaa. Nilidhani mtu ananidharau, kumbe mtu anatafuta namna ya kumbeba kaka yake. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikuwa nasikia ile sauti yake ya furaha kwenye simu, na sasa najua ilimgharimu nini.

"Tata Dodo," Mama Josée akaninong'oneza, "mutoto hawezi kuingia mu nyumba yenye kilio cha kufichwa bila kujua. Ni mubaya. Ni mubaya sana."

Alisema kweli. Nikimwambia Glodie, atalia, poda itakwisha, ndoa itakwisha. Nisipomwambia, namkabidhi mwanangu kwenye nyumba inayomdanganya siku ya kwanza. Naye ndiye mtoto wangu pekee wa kike. Nikaingia ndani.

Chumbani kulikuwa na matantine wa kutosha kujaza kwaya. Nikawaomba watoke. Hawakusikia. Tshibola akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Unatafuta nini hapa na ile mafuta ku mikono?"

"Ninataka kusema na mutoto. Peke yetu."

"Ukigusa robe, Dodo, leo kutakuwa kilio mu ii nyumba."

Hakujua alichosema. Akawatoa wenzake, akafunga mlango.

Glodie alikuwa ameketi mbele ya kioo. Mzuri, jamani. Mzuri hadi nikasahau nilichokuja kusema.

"Mama," nikaanza, maana namwita mama tangu azaliwe, ana jina la ukoo la mama yangu, "kuna jambo..."

"Ni Tata Josias?"

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Unajua?"

"Tangu Alhamisi. Nilikuwa pale."

Akanieleza akinitazama kupitia kioo. Zile siku zote alizotuambia anakwenda kwa fundi wa nguo, alikuwa anakwenda hospitali na Mechack kumlisha mzee uji. Alhamisi mzee aliwashika mikono wote wawili.

"Alisema: 'Mukisimamisha ndoa juu yangu, kule sitabapokea.' Kisha akacheka, Papa. Kisha akalala. Ni mi na Mechack njo tulimuambia Tata Muamba tufiche. Ye hakutaka. Alilia sana."

"Na mi? Mi baba yako? Juu ya nini haukuniambia?"

"Papa." Sasa aligeuka. "Weye ukijua kitu, batu bote banakijua mu gazeti. Banajua hata rangi ya caleçon ulivaa siku ya mahari."

Ni kweli. Ilikuwa ya bluu. Mliisoma wenyewe.

"Hii singeandika."

"Ungeandika."

Sasa mnaisoma.

Niliumia, sitaficha. Si kwa sababu alidanganya. Watoto hudanganya, ndiyo kazi yao. Niliumia kwa sababu alikuwa amebeba siri ya nyumba nyingine, akapita nayo sebuleni kwetu, akala bukari pamoja nasi, akamwambia mama yake lala salama, na uso wake haukubadilika. Mimi nilijiandaa kumkabidhi kwa akina Muamba saa nne, kanisani, kwa heshima zote. Kumbe alikuwa ameshahamia kwao tangu Alhamisi, kwa miguu yake mwenyewe.

"Mupatie Stany carburateur, Papa."

"Na weye?"

"Nitapanda jeep."

"Niliapa, Glodie. Mbele ya batu."

"Weye njo uliapa. Mi sikuapa." Kisha akanishika kidole, safi au kichafu hakujali. "Papa, mi 404 itanibeba siku ingine. Tata Josias hana siku ingine."

Basi nikatoka.

Kufungua kabureta kwenye injini ya moto ni kazi ya adui. Niliungua vidole, nikaangusha nati moja ndani ya maua ya plastiki, tukaitafuta na Mama Josée kwa magoti, yeye na kilemba chake. Stany alisimama amekinga kanga ya kubebea mtoto kupokea. Mtaa mzima ulikusanyika langoni. Majirani waliokuja kuimba wakaanza kucheka, na sikuweza kuwalaumu.

Tshibola alitoka akaona boneti liko wazi.

"Nilijua," akasema.

"Carburateur imekufwa," nikamwambia.

"Nilijua, Dodo. Nilijua tangu siku ya kuku."

Ndugu zangu wasomaji, mimi ambaye sina siri hata ya nguo za ndani, nilisimama pale nikakubali kuwa mjinga wa Manika nzima na sikujitetea. Mama Josée aliniangalia kwa macho yenye machozi. Stany alifunga kabureta ndani ya kanga, akaibeba kifuani, akakimbia kwake mtaa wa pili. Ndipo nikampigia Muamba.

"Tuma jeep," nikasema.

Nadhani alielewa. "Merci, mukwe," akasema, na furaha ile ya uongo haikuwepo tena.

Jeep ilifika inapiga honi, imeng'aa, dereva na glavu zake nyeupe. Alimfungulia Glodie mlango wa nyuma kwa adabu zote. Kisha akayaona mavazi yangu, akaniomba nisubiri, akatandika gazeti kwenye kiti ili nisikichafue. Gazeti hili hili. Nilikalia hadithi yangu ya wiki jana hadi mwisho wa safari. Tshibola alipanda Coccinelle pamoja na Mama Josée, ambaye aliapa kwa macho kwamba hatafungua mdomo.

Kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Mwanamke mnene, kitambaa cha sherehe, hereni kubwa. Akageuka, meno yote nje.

"Tata Dodo! Mutuka ya papa yako imekushinda, ee?"

Alikuwa Mama Louise. Mke wa Tata Josias.

Nikatazama uso ule vizuri, nikitafuta. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anafurahi, basi. Nikamtazama Glodie. Chini ya poda alikuwa ameparara.

"Oh, Glodie, acha nikuangalie! Unapendeza!" Mama Louise alipiga vigelegele, dereva akaondoa gari. "Mi nilikuwa Lubumbashi tangu Jumatano, kuleta bageni. Nimefika jana jioni. Nikasema niende kumuona bwana yangu, Muamba anakataa, ati docteur hataki batu bamuchokeshe. Docteur gani huyo? Leo hatanikataza. Dereva, pita kwanza ku hospitali."

Mikono ya dereva ikakaza kwenye usukani. Yeye pia alijua. Ndani ya jeep ile, yenye ubaridi mzuri kama Muamba alivyoahidi, kila mtu alijua isipokuwa mmoja.

"Tutachelewa kanisani, Mama," Glodie akasema.

"Pasta atangoja. Josias aliniambia: lazima nione robe ya Glodie mbele ya kanisa. Nimemuletea hata shemizi mupya, iko hapa." Akapigapiga mfuko uliokuwa mapajani mwake. "Tutamuvalisha, atasimama ku dirisha, dakika moja tu."

Nikawaza Stany. Akitaka, kabureta anaifunga upesi, na bâchée inafika hospitali kabla yetu. Tukielekea huko sasa hivi, tutamkuta mlango wa nyuma, turubai mkononi, akimpakia Tata Josias.

Tulifika njia panda. Kushoto kanisani, kulia hospitali. Nyuma yetu Coccinelle inapiga honi, watu wanaimba. Dereva alisimamisha gari. Mkono wa Glodie ukaushika wangu chini ya robe, akaminya kwa nguvu zake zote.

Kwetu siku ya ndoa, hadi kanisani, baba wa bibi arusi ndiye anayeamuru gari. Hata kama gari si lake. Mama Louise aligeuka tena, akanitazama kwa tabasamu la mtu asiye na shaka nami hata kidogo.

"Tata Dodo, muambie ageuke."

Dereva alinitazama kwenye kioo, akangoja.